Mchezo wa Kutisha Unapobisha Hodi Nyumbani

Likizo ya Desemba inakaribia, na hapa Bukene watoto wetu wana jambo lao wanalolingojea kwa hamu kuliko hata nguo za Krismasi. Kijana wa mmoja wa akina mama wenzetu wa kikundi cha kanisa, ambaye anasoma Dar es Salaam, amewapa wadogo zake habari kwamba atakuja na mchezo mpya wa mezani. Siyo ludo, wala nyoka na ngazi. Ni mchezo wa kutisha. Ndani ya sanduku lake kuna ubao uliochorwa nyumba yenye giza, kadi zenye picha za mifupa na mizimu, na dadu nyingi. Inasemekana kwamba katikati ya mchezo mmoja wa wachezaji hugeuka kuwa adui wa wenzake.

Tangu habari hizo zifike, watoto hawalali. Kisimani, njiani kwenda shule, hata baada ya mazoezi ya kwaya, ni mchezo huo tu. Mchezo wenyewe haujafika lakini tayari wameshagawana nani atacheza na nani. Mama zao nao wametujia na maswali. Je, mchezo huu ni dhambi? Je, utawaletea watoto ndoto mbaya? Je, ndugu wa tumbo moja wafundishwe kusalitiana mezani? Wengine wamekwisha kuamua kwamba sanduku hilo likishuka kwenye gari litaingia moja kwa moja jikoni kuwa kuni.

Mama mpenzi, kabla hatujawasha moto, hebu tukae chini tulitazame jambo hili kwa utulivu. Sisi tunaoandika tunafanya kazi ya uuguzi na ni walezi wa watoto kanisani, tena ni mama kama wewe. Tumeona kwamba katika maswali hayo yamo mambo matatu yanayostahili kutenganishwa: hofu, ushindani na usaliti. Kila moja lina dawa yake.

MICHEZO HII NI YA NAMNA GANI?

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Michezo ya mezani ya kutisha siyo kitu kilichozuka jana. Mwaka 1987 huko Marekani ulitoka mchezo uitwao Arkham Horror, uliobuniwa na Richard Launius. Humo wachezaji wote huwa upande mmoja. Wanatembea katika mji wa kubuni wakijaribu kuyazuia madude ya kutisha yasiingie duniani. Hakuna mchezaji anayemshinda mwenzake. Ama wote wanaokoka, ama wote wanaangamia.

Mwaka 2004 ukatoka mwingine, Betrayal at House on the Hill. Huu huanza kwa wachezaji kuichunguza nyumba ya kutisha wakiwa pamoja. Lakini ikifika hatua fulani mambo hubadilika, na mara nyingi mmoja wao huwa msaliti anayepigana na waliobaki. Bila shaka mchezo ambao watoto wetu wanaungojea ni wa jamii hii.

Kungojea kwa hamu nako siyo tabia ya watoto wa Bukene peke yao. Katika nchi tajiri watu wazima hulipia mchezo ambao bado haujatengenezwa, kisha hungoja mwaka mzima au zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2017 mchezo mmoja wa kutisha, Kingdom Death: Monster, ulikusanya zaidi ya dola milioni 12 za Marekani kwa njia hiyo kupitia mtandao wa Kickstarter. Nao ni mchezo wa kushirikiana, lakini picha zake ni za watu wazima, hazifai kabisa kuonwa na mtoto. Kwa hiyo neno "kushirikiana" likiandikwa kwenye sanduku lisikutulize moja kwa moja. Fungua, utazame.

HOFU YA MTOTO SIYO MZAHA

Watoto hupenda kutishwa kidogo. Sisi wenyewe tulikulia katika hadithi za mazimwi na fisi tulizosimuliwa na bibi zetu jioni, tukijibana karibu na moto. Hofu ile ilikuwa na faida. Mtoto aliyejifunza kuvumilia hofu ndogo akiwa ameegemea goti la bibi alikuwa akijifunza pia kwamba hofu huja na hupita. Mwisho wa hadithi zimwi lilikufa, uji ukanywewa, watu wakalala.

Angalia basi mambo yaliyoifanya hofu ile iwe salama. Palikuwa na mtu mzima, palikuwa na mwisho, na mtoto aliweza kuuliza. Mchezo wa kutisha ukichezwa chumbani na watoto peke yao, usiku wa manane, bila mtu wa kuwaambia "basi, tumefika", unakosa vitu hivyo vyote vitatu.

Umri nao ni jambo kubwa. Mtoto wa miaka 3, 4 au 5 bado hajatenganisha vizuri kitu cha kubuni na kitu cha kweli. Ukimwonyesha picha ya mzimu, kwake mzimu huo yuko nyuma ya mlango. Huyo asicheze, wala asikae karibu kutazama wakubwa wakicheza. Mtoto wa miaka 7 hadi 10 anaweza kucheza michezo yenye hatari ndogo ndogo kama simba, giza au mafuriko, mradi mzazi yuko karibu. Michezo yenye mizimu, damu na usaliti tunashauri ingoje hadi miaka 12 au 13, tena kwa kumtazama mtoto mwenyewe. Watoto hawafanani. Yupo wa miaka 9 asiyeogopa kitu na yupo wa miaka 13 anayelala na taa.

Na kuhusu ndoto mbaya, mama anapaswa kutofautisha mambo mawili. Ndoto mbaya ya kawaida huja zaidi kuelekea alfajiri. Mtoto huamka, hulia, na anaweza kukueleza alichoota. Huyo mkumbatie, msikilize, mwonyeshe kwamba chumba ni kile kile. Lakini wapo watoto ambao katika saa za kwanza za usingizi huketi ghafla wakipiga kelele, macho wazi, jasho likiwatoka, wala hawakutambui ukiwaita. Asubuhi hawakumbuki lolote. Hilo huwapata watoto wengi wadogo na kwa kawaida huisha lenyewe wanapokua. Usimtikise wala usimmwagie maji. Kaa karibu naye asijiumize, ngoja litulie, mlaze tena. Uchovu na usingizi mdogo huzidisha hali hiyo, hivyo mlaze mapema.

Sasa tunakuomba usome sehemu hii mara mbili. Mtoto akipiga kelele usiku, akisema maneno yasiyoeleweka au akikakamaa, na mwili wake una joto, usiulaumu mchezo na usilaumu mashetani. Mkoa wetu wa Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Malaria kali hupanda kichwani, nayo huleta kuweweseka na degedege. Saa zinazopotea tukitafuta nani amemroga mtoto ndizo saa ambazo angekuwa amepimwa damu na kuanza dawa. Akishikwa na degedege mlaze ubavu, legeza nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, usimfukizie moshi. Mkimbize kituo cha afya usiku huo huo. Hata kama jana alicheza mchezo wa mizimu hadi saa nne, homa ni homa.

KUSHINDANA: FAIDA NA HASARA

Tugeukie jambo la pili. Baadhi ya akina mama wanadhani kila mchezo wa kushindana hufundisha kiburi. La hasha. Ushindani una kazi yake. Tazama bao linavyochezwa chini ya miembe ya mji wetu. Bao lenye safu 4, mashimo 32 na kete 64 ni shule ya hesabu na subira. Hayati Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulipenda. Mchezaji mzuri wa bao hujifunza kutazama mbali, kunyamaza na kumheshimu aliyemfunga. Drafti ya vizibo vya soda, rede, mdako, kombolela, vyote hivyo ni vya kushindana na vimewakuza watoto wenye akili na afya. Mtume Paulo mwenyewe alitumia mfano wa wapiga mbio uwanjani kuwafundisha Wakristo bidii.

Hasara huja pale ushindani unapokuwa ndiyo lugha pekee ya nyumba. Fikiria mtoto wa tatu katika nyumba yenye watoto sita. Darasani anapangwa namba. Nyumbani anaambiwa, "Mtazame dada yako." Jioni akicheza ludo kaka zake wanamla kila kete kwa sababu ni mdogo. Mtoto huyo anashindwa tangu asubuhi hadi usiku. Baada ya muda atafanya moja kati ya mambo mawili: ataacha kujaribu au ataanza kuiba hatua. Sisi tunaokaa na watoto wa Jumapili tunawatambua watoto hao. Ukitoa zoezi, wao hukunja mikono kabla hujamaliza kueleza.

Ipo historia moja inayofundisha. Mwaka 1904 mama mmoja Mmarekani, Elizabeth Magie, alipewa hati ya ubunifu kwa mchezo wake wa ardhi na kodi. Aliutengenezea kanuni za namna mbili. Kwa kanuni za kwanza mtu mmoja hujilimbikizia viwanja na kuwafilisi wenzake wote. Kwa kanuni za pili, mali inapoongezeka kila mmoja hupata. Alitaka watu wazicheze zote mbili, waone wenyewe tofauti. Lakini mchezo uliokuja kuuzwa dunia nzima kuanzia mwaka 1935, kwa jina la Monopoly, ulibaki na namna ya kwanza tu. Ile ya pili ikasahauliwa. Je, siyo ndivyo tunavyofanya majumbani? Tunawafundisha watoto kushinda, tunasahau kuwafundisha kufanikiwa pamoja.

MSAFARA MMOJA, CHUNGU KIMOJA

Watu wa Unyamwezi hatuhitaji kwenda mbali kujifunza ushirikiano. Treni ya Mwanza inapopita hapa Bukene, inapita katika nchi iliyojulikana kwa misafara kabla reli haijajengwa. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kilometa zipatazo 800, kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Mtu alibeba begani mzigo wa kilo 27 hadi 32, mara nyingine pembe za ndovu. Tusisahau kwamba barabara hiyo hiyo ilipitisha pia watumwa waliofungwa, na huo ni uchungu ambao haufutiki. Lakini mpagazi aliyejiajiri mwenyewe alikuwa na hekima yake.

Wapagazi waligawanyika katika vikundi vidogo. Kila kikundi kilipika katika chungu kimoja na kulala pamoja. Mbele alikwenda kiongozi wa njia, nyuma hawakuachwa wachovu. Walipofika pori la Mgunda Mkali, kati ya Unyamwezi na Ugogo, ambako maji yalikuwa haba na wanyama wakali wengi, mtu aliyekwenda peke yake alikuwa amekufa tayari. Hapo nguvu za aliye hodari hazikuwa za kujivunia, bali za kumvusha aliye dhaifu. Ikiwa mmoja alikuwa na kibuyu chenye maji, kikundi kizima kilikuwa na maji.

Hiyo ndiyo siri ya michezo ya kushirikiana. Adui hatoki kati ya wachezaji. Adui ni pori, ni giza, ni kiu. Mtoto mkubwa hapati sifa kwa kumfunga mdogo. Anapata sifa kwa kurudi nyuma kumsaidia. Huko Canada mwalimu mmoja wa zamani, Jim Deacove, pamoja na mkewe Ruth, walianza mwaka 1972 kutengeneza michezo ya namna hiyo kwa ajili ya familia. Huko Ujerumani tangu mwaka 1986 watoto wadogo hucheza mchezo wa bustani ya matunda. Wote kwa pamoja huchuma matunda kabla kunguru hajafika. Kunguru akiwahi, wote wameshindwa, na hakuna wa kuchekwa.

Je, michezo hii haina kasoro? Inayo. Kasoro kubwa ni mkubwa mmoja kuwaamrisha wote: "Wewe nenda hapa, wewe kaa pale." Hapo wadogo wanabaki kuwa mikono tu. Dawa yake ni kanuni moja: ushauri huombwa. Asiyeombwa ushauri anyamaze. Wapo baba na mama ambao kanuni hii itawasumbua kuliko watoto!

MSALITI ALIYEJIFICHA

Sasa tufike kwenye jambo la tatu, ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Tumesema kwamba katika baadhi ya michezo ya kutisha mmoja wa wachezaji huwa adui aliyejificha. Upo pia mchezo usiohitaji ubao, uitwao Mafia, uliobuniwa na Dimitry Davidoff, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moscow, mwaka 1986. Watu huketi duara. Wachache kati yao ni maadui kwa siri. Kila "usiku" mtu mmoja huuawa, na kila "mchana" waliobaki hubishana na kupiga kura kumwua yule wanayemshuku. Ajabu yake ni kwamba mara nyingi sana kura humwangukia asiye na kosa. Duniani kote vijana huucheza wakicheka.

Kwa mtu wa Moscow au Chicago huo ni mzaha. Hapa kwetu, mama mpenzi, si mzaha. Katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa tumezika bibi zetu waliokatwa mapanga kwa sababu watu waliketi, wakabishana, wakamtaja. Aliyefiwa na mtoto alitafuta msaliti katika ukoo. Ng'ombe walipokufa, akatafutwa msaliti. Na mara nyingi kidole kilimwelekea mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Vivyo hivyo, kuanzia miaka ya 2006 na kuendelea, ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya uongo wa watu wanaouza bahati.

Sisi wauguzi tunajua macho yale mekundu yanatoka wapi. Bibi amepika kwa miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi, na pale miti ilipokwisha akatumia samadi kavu ya ng'ombe. Moshi huo huchoma macho kila siku. Wengine wana vikope, yaani trakoma, ugonjwa ambao hugeuza kope hadi zikakwaruza jicho. Ni ugonjwa wenye dawa, na kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Macho yale ni ushahidi kwamba mwanamke huyo amewalisha watu. Wala sheria ya nchi haiko kimya. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inamtia hatiani anayemtaja mwenzake kuwa mchawi.

Ndiyo maana tunasema: mchezo unaomfundisha mtoto wa Bukene kutafuta adui kati ya waliokaa naye usiingie nyumbani bila mazungumzo. Hatusemi kwamba kadi zile zina pepo ndani. Karatasi ni karatasi. Tunasema kwamba tayari mtoto wetu anasikia mtaani minong'ono ya kushuku watu, naye hahitaji mazoezi zaidi. Hasa, asiwepo mtoto atakayempa msaliti wa mchezo jina la bibi jirani, hata kwa utani. Jina likitoka mezani hufika kisimani, na likifika kisimani halirudi.

Lakini kwa vijana wakubwa, mchezo kama huo unaweza kugeuzwa kuwa somo. Waache wacheze Mafia mara tatu, kisha waulize: "Ni mara ngapi mlimwua asiye na kosa? Kwa nini mlimshuku? Ni kwa sababu alinyamaza? Ni kwa sababu alicheka?" Waambie kwamba hivyo hivyo ndivyo kijiji kinavyokosea, ila kijijini anayeuawa haamki kucheza mara ya pili. Kijana aliyeona kwa macho yake jinsi kundi zima linavyoweza kuwa na hakika juu ya uongo hatashika panga kirahisi.

JITENGENEZEE: MCHEZO WA MGUNDA MKALI

Huna haja ya kungoja sanduku la Dar es Salaam, wala ya kutumia fedha. Tunawapa hapa mchezo wa kutisha kidogo na wa kushirikiana kwa watoto 2 hadi 6, kuanzia miaka 7.

Mahitaji: kipande cha boksi, kalamu, maharage au mbegu za namna mbalimbali, kipande cha mkaa, punje za mahindi, na dadu. Kama huna dadu, andika namba 1 hadi 6 kwenye vikaratasi sita, uvitie kikombeni, mtoto achomoe kimoja na kukirudisha.

Kuchora: chora njia yenye vyumba 30. Chumba cha 1 andika Tabora, cha 7 Tura, cha 30 Bagamoyo. Vyumba vya 8 hadi 14 vipake rangi nyeusi: hapo ni Mgunda Mkali. Vyumba vya 5, 17 na 24 chora visima.

Kuanza: kila mtoto aweke mbegu yake Tabora. Katikati weka bakuli lenye punje tatu za mahindi kwa kila mchezaji. Hayo ni maji ya wote. Kipande cha mkaa ni Usiku. Kiweke nje ya njia, kabla ya Tabora.

Kucheza: kila mtoto kwa zamu arushe dadu na asonge mbele. Anayetua ndani ya Mgunda Mkali atoe punje moja bakulini. Anayetua kisimani aongeze moja. Wote wakishamaliza zamu zao mara mbili, Usiku huanza kutembea. Tangu hapo, kila mzunguko ukiisha Usiku husonga vyumba vitatu.

Usiku ukimfikia au kumpita mtoto, wenzake wamwokoe kwa kulipa punje mbili, naye arukie chumba cha mwenzake aliye karibu zaidi mbele ya Usiku. Bakuli likiwa tupu na maji yanadaiwa, au pasipokuwa na mwenzake yeyote mbele ya Usiku, msafara umekwama na wote wameshindwa.

Siri ya mchezo: mtoto yeyote anaweza kumpa mwenzake zamu yake. Aliyetangulia anaweza kusema, "Hatua zangu mpeni mdogo wetu." Aliyekwisha kufika Bagamoyo aendelee kurusha dadu kwa ajili ya walio nyuma. Wote wakifika, wote wameshinda. Ukiona ni rahisi, weka punje mbili badala ya tatu.

Mchezo ukiisha usiwaache watawanyike. Waulize maswali mawili tu: "Nani alikusaidia?" na "Ulipoogopa ulifanya nini?" Wasikilize. Utajua mambo ya wanao ambayo hujayasikia mwaka mzima.

SANDUKU LIKIFIKA

Basi, mama, sanduku lile likishuka Desemba, ufanyeje? Tunashauri hivi.

Usilitupe kabla ya kulifungua. Marufuku isiyo na maelezo humpeleka mtoto kucheza nyumba ya jirani, nawe usijue.

Lifungue wewe na baba yao, watoto wakiwa wamelala. Tazameni picha zote. Mwombeni kijana mwenye mchezo awaeleze kanuni. Atafurahi kwamba mmemheshimu. Kadi zisizofaa ziwekwe kando, na mchezo utaendelea bila hizo.

Kama mchezo una namna ya kucheza wote dhidi ya hatari moja, anzeni na hiyo. Kama una msaliti, ni wa wakubwa tu, na msaliti huyo achaguliwe kwa bahati, asipewe jina la mtu anayeishi.

Wekeni saa. Uchezwe mchana au mara baada ya chakula cha jioni, umalizike saa nzima kabla ya kulala. Mtu mzima awepo. Mtoto akisema "naogopa", mchezo usimame papo hapo, wala asichekwe. Mtoto anayechekwa kwa kuogopa hujifunza kuficha hofu, na hofu iliyofichwa ndiyo inayolowesha godoro usiku.

Changanyeni michezo. Leo bao, kesho Mgunda Mkali. Nyumba yenye kushindana peke yake huzaa wivu, na nyumba isiyo na kushindana kabisa huzaa uvivu.

Na mwisho, mama, keti nao. Tunajua kazi hazikwishi: maji, shamba, nguo, mgonjwa wa jirani. Lakini nusu saa mbili kwa juma hazitaangusha nyumba. Mtoto atasahau ni nani alishinda. Hatasahau kwamba giza lilipokuwa linakaribia, mama yake alimpa zamu yake.